Yogati ya Nazi Wakati wa Mfungo

Ninaikumbuka siku hiyo kwa vilima vyake, mwanangu. Nilitoka mlangoni pangu hapa Mwingi, jua limeshapanda, nikatazama upande wa Nuu, na vilima vilikuwa vimeachana na ardhi. Vinaelea tu. Mabati ya majirani yalikuwa na mwanga laini pembeni, na mtu aliyepita na punda wake sikumwona uso, ila nilimwona anang'aa. Nikasimama pale nalia kwa furaha. Nikasema, Mungu wangu, kumbe ni hivi.

Ngoja kwanza nikueleze nilikuwa nani, usije ukanicheka kabla ya wakati. Nilikuwa nimevuka hamsini kidogo. Wewe unaona huo ni uzee, lakini mtu wa hamsini bado ana ujinga wa kijana, tena na kiburi juu yake. Sukari nilikuwa nimeambiwa ninayo, nikapewa vidonge. Kanisani nilikuwa msomaji. Nikifungua Biblia Jumapili na kuanza kusoma, hata watoto walinyamaza, na mimi nilijua wamenyamaza.

Sasa mwaka ule pasta akatangaza mfungo wa Danieli, siku ishirini na moja. Unaujua: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa. Kwangu ndengu na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, si shida, nimelelewa navyo. Shida yangu ilikuwa maziwa lala. Mama yangu alikuwa akigandisha maziwa kwenye kibuyu alichokisugua kwa kijinga cha moto, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile harufu ya moshi. Siku ya nne ya mfungo nikaota nakunywa. Nikaamka na mate mdomoni, na aibu tele.

Basi nikaenda supamaketi. Ndani ya friji nikakuta yogati imechorwa nazi na embe, na kwa herufi kubwa imeandikwa kwamba haina maziwa kabisa. Niliushika ule mkebe kwa mikono miwili. Nikajiambia, hii ni nazi, hii ni embe, vyote vimetoka kwa mti, Danieli mwenyewe angekula. Ilikuwa tamu, mwanangu, tamu ya kukufanya unyamaze. Kufika wiki ya pili nilikuwa namaliza mikebe miwili kwa siku, na vidonge nimeanza kuviruka, kwa sababu nilijiona nakula chakula kisafi kuliko dawa. Sikumwambia mtu yeyote. Si pasta, si daktari.

Hapo ndipo mambo yakaanza kuwa mazuri. Ndiyo, nasema mazuri, sitakudanganya. Mwili ukawa mwepesi kama si wangu. Nilikuwa nasinzia mchana na kuota watu waliokufa zamani, mama yangu akinimiminia kutoka kibuyuni na maziwa hayaishi. Nilikunywa maji, nikanywa tena, na kila nikienda choo nasema huu ni utakaso. Herufi za Biblia zikaanza kuyeyuka kwenye ukurasa, nikasema sawa tu, sasa nimepita mahali pa herufi. Ijumaa nikawaambia kina mama wa kanisa kwamba ninaonyeshwa vitu. Walipiga vigelegele! Tukapanga kwamba Jumapili nitasimama mbele nitoe ushuhuda, na niliombe kanisa liendelee na mfungo hadi siku arobaini.

Siku ya vilima ilikuwa Jumamosi yake. Nikiwa bado pale mlangoni, akaja Mwaitu Syombua. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima huku kwetu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, ameishi na sukari muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyemjua, imeshachukua kidole chake kimoja cha mguu, na mdomo wake hata pasta aliuogopa.

"Mama Kioko," akasema, "nimesikia unaona vitu."

"Mwaitu, vilima vinaelea. Hata wewe unang'aa."

"Mimi? Kung'aa? Sijang'aa hata siku ya harusi yangu. Umekunywa maji kiasi gani leo?"

"Jagi tatu."

Hapo akaacha utani. Akaingia ndani bila kukaribishwa, akauona mkebe mezani, akanipa. "Wewe ndiye msomaji. Soma." Nikasoma mbele, kwa ile sauti yangu ya kanisani. Akasema, "Geuza." Nikageuza. Mwanangu, sikuona kitu. Nyuma kulikuwa na ukungu tu. Mimi, msomaji wa kanisa zima, nikamrudishia mkebe.

Yeye aliishia darasa la nne. Akavaa miwani, akaweka kidole chini ya neno, akasoma polepole kama mtoto: maji, nazi, sukari, embe. Sukari imetangulia embe, maana yake imeizidi. Halafu akatoa kipimo chake kwenye kibeti, akanidunga kidole. Kikasema ishirini na saba, wakati hata kumi ni nyingi.

"Haya si maono, Mama Kioko. Ni sukari."

Nilikasirika, we! Nikamwambia anapinga kazi ya Mungu.

"Mimi si pasta," akasema. "Sijui Mungu amekwambia nini. Lakini mtu akimaliza jagi tatu kabla ya saa nne, huo si wito, huo ni ugonjwa. Vaa viatu twende."

Nikavaa. Hospitalini waliniwekea maji ya mshipa, na daktari akaniambia kwamba ningengoja mpaka Jumapili, pengine ningeanguka mbele ya watu na nisiamke. Nililazwa siku nne. Macho yalichukua wiki kadhaa kutulia, na vilima vikarudi chini, vikawa vilima. Hapo nililia kuliko pale mlangoni. Vilikuwa vizuri sana vile vilima, na nilikuwa nimefikiri nimependwa kuliko wenzangu. Mwaitu Syombua akaniambia, "Lia tu. Hata mimi sukari yangu ilinibembeleza kabla ya kuniuma." Huyo mama alizikwa mwaka jana. Maneno yake mengi yalikuwa makali, na hayo ndiyo niliyobaki nayo.

Sasa wewe umeniambia umeacha kila kitu cha mnyama, na sukari unayo. Sikukatazi. Mtu anaweza kula hivyo na akaishi vizuri. Lakini kutokuwa na maziwa si kutokuwa na sukari, na maneno makubwa ya mbele yameandikwa ili ununue. Soma nyuma. Tafuta yogati ambayo haijaongezwa sukari, isiyo na ladha ya kubuniwa, hata kama mara ya kwanza itakukunjisha uso. Angalia na wanga, kwa sababu yogati ya shayiri au ya mchele inaweza kupandisha sukari hata kama ulimi hausikii utamu. Ya soya itakushibisha zaidi kwa sababu ina protini. Ya nazi ina mafuta mengi, kwa hivyo ni bakuli dogo. Ukitaka tunda, kata papai mwenyewe, vipande vichache, umeviona. Kisha baada ya saa mbili jipime, kwa sababu mwili wako si mwili wangu. Vidonge usiruke hata siku moja ukiongozwa na furaha. Ukitaka kufunga, nenda kliniki kabla hujamwambia pasta, wakupangie dawa, na uwaulize pia kuhusu vitamini zinazokosekana kwa asiyekula vya mnyama. Na siku ukijisikia mwepesi na mtamu kupita kawaida, usinipigie simu kunisimulia ndoto. Pima kwanza, halafu piga.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wakali wanaoingia kwako bila kukaribishwa. Akupe uzee mrefu, miguu yote miwili na vidole vyote kumi, na wajukuu wa kukuuliza kila asubuhi kama umepima, mpaka uchoke nao, na uwajibu kwa hasira kwamba ndiyo, umepima.