Fomu Mbili za Porini

Nina miaka sitini na tisa, na wiki hii nzima nimelala na buti kando ya mto wangu. Mke wangu amezitupa sebuleni mara mbili. Nimezirudisha mara zote mbili.

Ni safari yangu ya kwanza ya porini: siku saba kwa miguu, kutoka misitu ya milimani hadi ziwa la magadi. Punda watabeba mahema, ila kila mtu abebe vitu vyake, visizidi kilo kumi. Mimi niliyeendesha lori la pamba miaka thelathini, hata dukani nikienda nalo, sasa kila asubuhi natoka Buswelu na begi mgongoni, nateremka mpaka ziwa la hapa mjini, napanda tena.

"Babu, umefukuzwa nyumbani?" aliniuliza mama wa maandazi.

"Bado, lakini wanajipanga."

Jumamosi nilipeleka begi Mkuyuni kwa muuza dagaa, akalitundika kwenye mizani yake. Kilo kumi na saba! Akafungua, akatoa redio, sufuria na suti yangu ya kanisani.

"Suti ya nini, mzee?"

"Tukifika tutapiga picha."

"Simba hatakuuliza umevaa nini."

Nilirudi na kilo tisa na nusu na harufu ya dagaa, nikicheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Kilichobaki ni fomu. Waandaaji wanataka mzee wa umri wangu asainiwe fomu na mtoto wake mtu mzima, kwamba ameridhia. Bila saini, hakuna safari. Nilichapisha mbili stesheneri, ili nikiharibu moja niwe na ya akiba. Mtoto ninaye mmoja tu, binti, muuguzi huko Misungwi. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

Alipokuwa kidato cha tatu, shule yao ilimchagua kwenda kupanda mlima. Akaniletea fomu ya ruhusa. Nikasema haendi, mpunga hauna mvunaji. Mpunga ulikuwa umeshavunwa. Fomu nikaisukuma chini ya kiti cha lori. Hakuniomba tena ruhusa hiyo, wala kitu kingine chochote, tangu siku ile.

Jumapili nikapanda basi. Nilimkuta anaanika nguo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alisoma fomu amesimama, mstari kwa mstari, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa.

"Na mpunga je, baba?"

"Mpunga gani?"

"Nauliza tu. Atavuna nani?"

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Mpunga ulikuwa stoo. Niliogopa utaanguka huko, na sikujua baba anasemaje kwamba anaogopa. Nilikosea. Nisamehe."

"Niliupepeta mwenyewe ule mpunga, baba. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe?"

Akaingia ndani, akatoka na kipimo cha presha. Akanipima. Akanibonyeza magoti, akaniamuru nichuchumae mara kumi, naye anahesabu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nikafika kumi. Nikaongeza ya kumi na moja kwa maringo, nikashindwa kuinuka. Tulicheka wote wawili, yeye akinivuta mkono.

"Sisaini," akasema.

Nikainamisha kichwa. Ilikuwa haki yake.

"Sisaini mpaka unipe na ile ya akiba. Nimeiona mfukoni. Nina likizo, na nafasi si bado zipo?"

"Zipo! Zipo tele!" Nilipiga kelele kama nauza samaki.

Akasaini yangu juu ya goti lake, kisha akajaza yake. Nikaiomba. Fomu hiyo ina mahali pa mtoto kusaini, pa mzazi hakuna. Niliigeuza pande zote mbili kutafuta, nikakosa, nikasaini juu kabisa, pembeni, kwa herufi kubwa.