Asali Haikuhesabiwa Chakula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Mdandu, Mganga Mfawidhi hakunikaribisha hata chai. Alinipa koti, akanionyesha foleni. "Kabla hujamchoma mtu kidole, muulize kama amekula," alisema. "Sukari ya asubuhi hupimwa tumbo likiwa tupu. Ukimpima aliyekula, umepima uji wake."

Swali hilo nilihama nalo hadi Makambako, kliniki ya kisukari. Huko nilimzoea Mama Tumaini, mke wa mfuga nyuki wa Mahongole, mama mcheshi aliyenitania kwamba sindano zangu zinauma kwa sababu sina mume.

"Kamwene, mama. Umekula?"

"Sijala kitu, nesi. Njaa inaniuma."

Sukari yake ilikuwa juu kila mara. Daktari wetu, aliyehamia kutoka Njombe mjini, aliongeza vidonge, na kliniki iliyofuata akaongeza tena. "Dozi hii haimtoshi," alisema, na kwa vipimo vile nani angembishia?

Kumbe kila alfajiri mama yule alilamba asali iliyochanganywa na gundi ya nyuki, ile ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Aliambiwa inashusha sukari. Kwake, kama kwa nyumba nyingi za huku, asali ni dawa, haihesabiwi chakula. Hakutudanganya hata siku moja.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, mizinga ikakosa asali. Alfajiri hakuwa na cha kulamba, lakini vidonge alimeza vyote, kama tulivyomwagiza. Sukari ikashuka mno. Walimkuta ameanguka kwenye shamba la viazi, jasho likimtiririka katika baridi ya kipupwe. Hospitali walimtundikia dripu ya glukosi, akafumbua macho, lakini wanawe hakuwatambua, na hajawatambua mpaka leo.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii, msiulize kwa maneno ya kitabu. Ulizeni mtu ameweka nini kinywani tangu aamke, iwe dawa, iwe maji. Inaniuma kwamba jambo dogo hivyo tulilijua tumeshachelewa.

Jumapili mimi hupita Mahongole kumwona. Safari iliyopita mumewe alikuwa akimlisha ugali, tonge kwa tonge. Akaniambia taratibu, bila ugomvi, "Nesi, mngemuuliza kama amelamba asali, angewaambia. Asali yenyewe angewaletea."