Kipande ya Ine Ilikuwa kwa Mama Pulchérie

Nasema mapema: mi pia nilidanganya. Musinitukane, someni kwanza.

Huku muji yetu ya Baraka, kitabu ya hadisi ikifika moja, bantu kumi banaitaka. Njo Bertin, mwalimu mwenye anapenda amri kuliko chai, alikamata wembe, akakata riwaya yetu bipande sita, akashona kila kipande na uzi. Ukimaliza yako, Wilfried wa moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, anaipeleka kwa mwengine. Ku WhatsApp tunatupa audio: wapi tumecheka, wapi tumelia. Amri iko moja: mwenye anabakia nyuma, anatoka ku kikundi.

Mama Pulchérie ni muntu wa Lweba, kijiji ya kando ya ziwa. Anaanika ndagala, bale samaki badogo, kule, anaziuzisha hapa sokoni. Iko na miaka makumi ine na sita. Kusoma alijifunza miaka tatu tu inapita, kanisani, na bamama wenzake. Hakuficha. Alituambia siku ya kwanza: «Mi ninasoma na kidole.» Tulicheka.

Bipande tatu alisoma vizuri, audio yake ilikuwa tamu kupita zetu. Kisha kimya. Wiki tatu! Sisi huku tulikuwa tunalia Yakobo, mume wa Eliza ndani ya riwaya, mwenye alizama ziwani. Nadège, fundi wa kushona, alituma audio nzima ya machozi: «Banaume bazuri njo banakufa, babaya banabakia kutusumbua!» Mi nilituma yangu, ndefu kupita yake. Aibu gani.

Juzi Jumamosi, siku ya posho, tulikutana nyuma ya atelier ya Nadège, kule anashonea. Bertin akafungua kaye yake ya majina.

«Mama Pulchérie anatoka. Wiki tatu ni mingi.»

Mara mama mwenyewe akaingia, harufu ya ndagala mbele, yeye nyuma. Mukononi iko na kipande ndani ya sachet ya plastiki.

«Shikamoo yenu bakubwa ba kusoma,» akatania. «Bertin mwanangu, nitoe tu. Mi naona sijui kusoma.»

«Juu ya nini, mama?»

«Ninyi munalia Yakobo. Mi kila nikisoma, naona Yakobo njo alichoma nyumba ya mukwe wake, bibi mzee akiwa ndani. Nilirudilia mara ine. Nikasema, bantu basomi bote banalia, basi kidole yangu njo inanidanganya.»

Nadège akaruka kitini. «Yakobo? Alichoma nani?»

«Bibi mzee. Ukurasa mia na tatu.»

Mama akatuangalia mumoja mumoja.

«Kipande ya ine haiyatoka mukono yangu. Ninyi muliisoma wapi?»

Yesu wangu! Kipande ya ine ilianzia kwa mama, ya tano kwa mwengine; ya tano ilipofika kwangu, niliona kurasa zimeruka kutoka tisini mpaka mia na ishirini. Nikafikiri ni mi peke yangu banarusha. Niliogopa kutolewa, nikanyamaza, nikalia Yakobo kama bengine. Kumbe kila muntu alifanya vile! Nikamwangalia Bertin.

«Na we, mwalimu?» nikamuuliza.

«Mi nilikata tu,» Bertin akasema polepole. «Sikusoma.»

«Tumelia mwuaji!» Nadège akapiga kelele. «Wiki mbili nzima! Nilimuombea hata kanisani!»

Mama Pulchérie hakucheka. Alikaa chini kama muntu mwenye mizigo imetoka kichwani. «Basi najua kusoma,» akasema, kwa yeye mwenyewe.

Bertin akafuta jina ya kwanza kwa kaye. Haikuwa ya mama, ilikuwa yake. Mama akamunyanganya bic ya kuandikia. «Acha ujinga. Kaa, sikiliza.»

Akatoa kipande, akaweka kidole ku mustari wa kwanza, akaanza. Polepole vile, mi ningekuwa nimekimbia siku zingine. Hakuna mwenye alitikisika. Ukurasa mia na tatu ulipofika, moto ikashika nyumba, Bertin akainua mukono kama mwanafunzi.

«Mama, tafazali. Rudilia pale.»