Matone Niliyoona Aibu Kuyataja

Kabla ya yote, mnijue: mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Kagugu, mama wa watoto watatu, na nina wivu. Nimezaliwa nao. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miguu yangu ilikuwa haijui kuchoka hadi nilipopata ugonjwa wa sukari. Nyayo zikaanza kuwaka kama zimepakwa pilipili. Wifi yangu Espérance, dada wa mume wangu, alikuwa na maradhi hayo hayo. Tulichechemea pamoja, na hilo lilinifariji.

Kisha akaenda Ubelgiji kwa binti yake. Akarudi anatembea vizuri, akasimulia kanisani kwamba daktari wa huko alimpa matone yanayotokana na bangi, na maumivu yakapungua. Watu wakapiga makofi. Mimi roho iliniuma kuliko miguu. Kwa nini yeye?

Mume wangu akasema, "Muulize dada, atakusaidia."

Nimuulize yeye? Afadhali nife.

Nikaacha vidonge nilivyopewa kliniki, nikanunua kichupa kwa mtu mmoja Kinyinya, karibu na kwetu, aliyeniapia kuwa ni matone yale yale. Siku ya tatu nikaongeza kipimo, nimpite wifi kwa kupona. Moyo ukaenda mbio. Nikatapika hadi nyongo, nikaanguka, mwili ukakakamaa na kutikisika, nikajikojolea.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Mama, umekunywa nini? Sukari peke yake haileti haya. Usiponiambia, ninapapasa gizani."

Wifi alikuwa amenishika mkono. Nikajibu, "Chai."

Mtikisiko ukarudi. Nilipozinduka, wifi alikuwa bado yupo, analia. Basi nikasema yote mbele yake.

Daktari akanieleza: "Ubongo una vipokezi, kama vitasa, na mwili una funguo zake. Bangi ya kawaida hugeuza kitasa nusu. Kemikali za kuigiza bangi, ambazo nadhani ndizo ulizouziwa, hukigeuza hadi mwisho."

Walinitundikia dripu, wakanipa dawa ya kutuliza. Siku ya nne nikaenda chooni mwenyewe.

Wifi akaniambia, "Yewe, wifi! Kwa nini hukuniuliza? Ile matone ilibaki kule kule. Hapa mimi nakunywa vidonge ya kliniki, sawa na yako. Sikosi hata siku moja."

Namshukuru Mungu, na madaktari. Nawe unayesoma, mwambie daktari ulichokunywa, hata kama unayemwonea wivu amekaa kando ya kitanda chako. Wivu wangu haujapona. Jumapili wifi alikuja na kitenge kipya, roho ikanichoma. Nikameza mate, nikamuuliza amekinunua wapi.