Bega la Fundi Hippolyte

Nabalayo alikuwa amekwisha kukasirika asubuhi hiyo. Katika hospitali moja ya Kampala, kazi yake ilikuwa kuwarudishia wagonjwa shughuli za mikono yao: kushika kijiko, kufunga vifungo, kusuka vikapu. Aliyemshinda ni Hippolyte, fundi cherehani Mkongo wa mtaa wa Bwaise, ambaye askari wa kizuizi cha barabarani walimvunja bega kwa kitako cha bunduki. Mfupa ulikwisha kuunga, lakini mkono wa kulia ulining'inia tu. Bega lisipofanya kazi sasa lingekakamaa, na cherehani angeisahau.

“Fundi, mkono juu!”

Hippolyte akatoka jasho. Mkono haukusogea.

“Uvivu huu! Watoto watakula nini?”

“Mama, nawe unasema kama wao.”

Kumbe amri hiyohiyo, kwa Kiswahili hichohicho, ndiyo aliyopigiwa Hippolyte kizuizini, naye Nabalayo alikuwa akimrudishia kila asubuhi na kuiita matibabu. Aliona haya. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

“Basi sitakuamuru tena. Wewe mwenyewe ungetaka mkono huo ufanye nini kwanza? Kushona?”

“Kushona baadaye. Kule kanisani Lubaga siku hizi nakaa nyuma kabisa, mama. Siwezi kufanya ishara ya msalaba. Kwa mkono wa kushoto naona aibu mbele ya Mungu.”

Hilo lilikuwa gumu kwa Nabalayo. Alilelewa Kaimosi, Kenya, katika kanisa la Marafiki, wanaoomba bila ishara wala mshumaa. Lakini wagonjwa wake walijifunza kwa kumtazama akitenda polepole mbele yao, na tabibu hana ruhusa ya kuchagua ni sehemu gani ya mtu aitibu. Akainua mkono.

“Naanzia tumboni?”

Hippolyte akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aletwe. “Mama, wewe mpagani? Paji la uso!”

“Mpagani mwenyewe. Nionyeshe.”

Mkono wa Hippolyte ukapanda kifuani, ukafika kidevuni, ukakwama. Neno “juu” lilimjia Nabalayo mdomoni, akalimeza. Ndipo Hippolyte alipoinamisha kichwa, paji la uso likaufuata mkono ulipo.

“Kwa jina la Baba,” akanong'ona.

Nabalayo akamwacha amalize, kifua na mabega yote mawili.

“Kesho kichwa kitulie,” alisema. “Mkono ndio upande.”

Hippolyte akaanza tena palepale, bila kuingoja kesho.