Bingwa wa Sekunde Nne

Shemeji yangu ni fundi redio, ila yeye anajiita bingwa. Chumba cha watoto kakijaza mabodi ya kompyuta za zamani, na prosesa, zile bongo za kompyuta, kazipanga kwenye trei za mayai. Watoto wanalala sebuleni. Jumamosi alishindana mtandaoni na wendawazimu wenzake: unaimwagia prosesa naitrojeni ya baridi kali, unailazimisha ikimbie kupita uwezo wake, unapiga picha ya namba ya kasi kabla haijafa. Yake ilidumu sekunde nne.

"Nimevunja rekodi!" akapiga kelele. Kisha, kwa upole, akamwambia dada yangu: "Mama watoto, niazime kompyuta yako nitume matokeo." Ile ile anayoiita konokono.

"Subiri, mtoto anamalizia kazi ya shule."

Bingwa wa kasi akakaa chini, akangoja zamu yake.