Dobi na Mfuko Usiojaa

Jumanne hiyo gari la taka la jiji lilipita nyumbani kwa Dobi bila kusimama. Mzee wa watu alibaki getini mkono umeinuliwa, mdomo wazi. Nyuma ya gari, mama mpakia taka waliyemwita Kamanda, akiwa ameshika bomba kwa mkono mmoja, alimpigia kelele:

"Mchumba! Nusu mfuko hatuchukui siku hizi! Ujaze!"

Gari likakata kona. Usicheke. Nafasi ya kucheka ipo mbele, lakini si hapa.

Dobi alikuwa dobi kweli, si jina la kupachikwa. Miaka yake yote ya nguvu aliimalizia kwenye kibanda jirani na mahakama, akifua na kunyoosha mashati ya mawakili, mpaka kiuno kikamwambia basi, yatosha. Mke wake alikuwa ameshatangulia. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, ameolewa mbali, na sitaki umseme vibaya kwa sababu alikuwa mtoto mwema. Kila Jumapili alipiga simu. Baba, umekula? Nimekula. Dawa umekunywa? Nimekunywa. Haya baba, nakimbilia mahali, tutaongea. Na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa watu wa maofisini. Mageti marefu, ukuta juu ya ukuta. Wanatoka asubuhi na magari yao, vioo juu. Wanarudi jioni, vioo juu. Unaweza kukaa kibarazani kutwa nzima usipate hata mtu wa kumwambia kwamba jua la leo kali. Dobi alikuwa na sauti nzuri, nzito, na kuna siku aliishangaa mwenyewe alipoisikia akimkaripia paka. Alikuwa hajasema neno tangu juzi.

Ndiyo maana Jumanne ilikuwa Jumanne. Gari la taka lilikuja na watu watatu: dereva asiyecheka, kijana mmoja mwenye vitu masikioni, na Kamanda. Huyu alikuwa mama wa makamo, mnene, buti za mpira mpaka magotini, glavu zimetoboka vidole, na mdomo ambao haukujua kupumzika. Wazee wote wa njia ile walikuwa wachumba zake. Dobi alilijua hilo vizuri, hakuwa mtoto, lakini kuitwa mchumba na mtu mwingi wa wachumba ni afadhali kuliko kutoitwa chochote.

"Mchumba, umeamkaje? Mbona leo hujachana nywele? Una mwingine, eh?"

"Nywele zenyewe ziko wapi za kuchana?"

"Basi chana hicho kipara!"

Wakacheka. Mfuko ukatupwa, gari likaenda. Hayo tu. Lakini Dobi aliingia ndani akiwa bado anatabasamu, akachemsha chai huku anarudia majibu ambayo angempa kama gari lingechelewa kidogo.

Sasa jiji likaja na mambo yake. Bwana afya alipita na kipaza sauti juu ya gari, akatangaza kampeni ya usafi: kila nyumba ipewe mifuko ya kijani, na gari lisimame tu penye mfuko uliojaa na kufungwa, kwa sababu kusimama kila geti kwa taka za kiganjani kunachelewesha kazi, na kuna mitaa inazama kwenye uchafu inasubiri. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ila aliyeitunga hakuwa amefikiria mtu anayekula yai moja kwa siku. Taka za Dobi za wiki nzima zilikuwa maganda ya mayai, majani ya chai na karatasi ya mkate. Ule mfuko ukiusimamisha, unajikunja wenyewe na kulala.

Akasubiri ujae. Wiki ya kwanza Kamanda alipunga mkono kutoka kwenye gari. Iliyofuata hakupunga, alikuwa anazozana na kijana wa masikioni. Dobi akaona hapa nikizubaa nitasahaulika.

Akaanza kujaza. Kwanza magazeti ya zamani. Gari likasimama, Kamanda akaruka chini, akaufungua mfuko kwa ukorofi wake, akapigwa na butwaa. Magazeti yalikuwa yamekunjwa mara nne nne, kingo zimelingana.

"Mchumba! Taka umezipiga pasi?"

Dobi alicheka mpaka akashika geti. Wiki iliyofuata zikatoka sufuria zisizo na vishikio. Kisha mapazia. Kisha kiti kilichovunjika mguu, alichokuwa anasema atakitengeneza. Na ile Jumanne aliyokosa kabisa cha kutia, akafungua kabati upande wa mke wake na kuchukua viatu.

Vilikuwa viatu vya kawaida, vya kahawia, visigino vimelika upande mmoja. Alisema moyoni kwamba havina kazi, aliyevivaa hayupo. Kamanda akaunyanyua mfuko, akatania kwamba leo kuna uzito, je, mchumba ameua mtu? Dobi akajichekesha. Gari lilipoondoka akasimama pale pale mpaka mngurumo wake ukaisha, halafu akaingia ndani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akajiambia kwa sauti, "Wewe mzee ni mpumbavu." Alijuta jamani. Alijuta kiasi cha kushindwa kunywa chai. Akaapa ndani ya nyumba ile hakitoki tena kitu.

Sasa taka zitatoka wapi? Akatoka nje, akatazama mtaa.

Weee! Kumbe utajiri wote huo ulikuwa mlangoni! Chupa za plastiki mtaroni, vikombe vya karatasi chini ya ua, mifuko imening'inia kwenye michongoma. Watu wale wenye vioo juu, kioo kilikuwa kinashuka kidogo tu, kwa ajili ya kutupa. Dobi akachukua ndoo na fimbo yenye msumari nchani, akaanza mwanzo wa mtaa. Na kwa kuwa dobi hata akistaafu udobi wake hauishi, kila chupa aliisuuza kwanza bombani kwake, akaikausha, ndipo akaitia mfukoni. Majirani walimwona. Mama mmoja wa nyumba yenye mbwa alimwambia mlinzi wake, bila hata kupunguza sauti, "Yule mzee ameanza kuchanganyikiwa, maskini. Hana ndugu?"

Alimsikia. Akainama akaokota kopo.

Mfuko mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, na mifuko mitatu haipakiwi kwa kufumba na kufumbua. Hapo ndipo Dobi alipofaidi. Alijua kwamba Kamanda magoti yanamuuma wakati wa baridi, kwamba mama yake mzazi amepooza upande na yeye ndiye anayemwogesha kabla ya kuja kazini, kwamba aliwahi kuolewa na hataki kuulizwa. Alimshauri achue magoti kwa mafuta ya moto, kama alivyokuwa akichua kiuno chake. Wiki iliyofuata Kamanda akamwambia yamesaidia. Huwezi kujua neno hilo moja lilivyomlisha mzee yule wiki nzima.

Na mtaa ukawa unang'aa. Hilo Dobi hakuliwaza kabisa. Yeye alikuwa anatafuta taka, na taka zikawa zinaadimika. Ikabidi aende mbali zaidi, mpaka nyuma ya kituo cha mafuta. Wenye magari nao wakaanza kuona aibu kutupa mahali pasipo na kitu. Bwana afya akaja kukagua, akapita mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa furaha.

Siku ya kuutangaza kuwa mtaa wa mfano waliweka viti barabarani. Majirani walitoka, wengine Dobi alikuwa anaziona nyuso zao nzima kwa mara ya kwanza. Bwana afya akamvisha kizibao cha kijani, akamwita balozi wa usafi, watu wakapiga makofi. Mama mwenye mbwa akampa mkono, akasema, "Hongera mzee wetu." Mzee wetu! Dobi akainamisha kichwa, akashukuru.

"Na sasa zawadi yenu wakazi," bwana afya akasema. "Mmefuzu. Mtaa huu hauhitaji tena gari la mlango kwa mlango. Tumewawekea kontena pale njia panda, kila mtu atatupa kwa wakati wake. Gari tunalipeleka kule nyuma ya soko, wenzenu wanateseka."

Makofi. Dobi naye akapiga. Mikono ilitangulia, akili ikafuata. Kisha akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Samahani bwana afya. Gari halitapita hata mara moja?"

"Halitapita, mzee wangu! Umelifukuza mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, hakuna aliyemdharau. Halafu viti vikakunjwa, mageti yakafungwa moja baada ya jingine, na barabara ikabaki safi na tupu. Mzee wetu alibaki amevaa kizibao chake katikati ya barabara, hajui aelekee wapi.

Jumanne ya kwanza bila gari alikaa kibarazani asubuhi yote, akitega sikio. Jumanne ya pili alichukua ndoo ya taka za mwisho alizookota, akaenda nayo mpaka mtaroni, akaiinamisha. Sikufichi, alikusudia kuimwaga. Uchafu ukirudi, gari litarudi. Akasimama hivyo, ndoo imeelemea upande. Hakuweza. Mtu aliyemaliza maisha yake akitoa madoa hawezi kutia doa kwa makusudi, hata afe. Akaenda kuimwaga kwenye kontena, akarudi ndani na ndoo tupu, na akalia, tena si kilio cha kujificha.

Jumanne ya tatu alivaa shati alilolinyoosha mikono mpaka mstari ukasimama, akabeba mfuko wa kijani begani, akafunga safari ya nyuma ya soko.

Ni mbali kwa mtu wa kiuno kibovu. Kule alikuta mifuko imerundikwa mbele ya nyumba, nzi, maji meusi, na watu wengi wanapigiana kelele za kawaida tu za asubuhi. Akachagua mlango mmoja, akaweka mfuko wake pembeni ya mingine, akasimama.

Mwenye nyumba akachungulia. "Mzee, unamtaka nani?"

"Simtaki mtu. Napumzika kidogo."

Gari likatokea. Lilisimama kila baada ya hatua chache, na Kamanda alikuwa jasho tupu, hatanii mtu. Alikuwa ameshashika mifuko miwili alipoinua macho.

"Heee! Mchumba! Umehama?"

Njia nzima Dobi alikuwa akipanga la kujibu. Alikuwa na jibu la kuchekesha, limeiva, alilifanyia mazoezi mpaka kwenye kona ya soko. Likayeyuka.

"Nimeleta taka," akasema.

"Kutoka kule kote? Si mna kontena?"

"Lipo."

"Limejaa?"

"Halijajaa."

Kamanda akamtazama, kisha akainama kuchukua mfuko wake. Alijiandaa kwa uzito, magoti yamekunjwa, na mfuko ukaja juu wenyewe, nusura umpige usoni. Akaubonyeza. Ukatoa pumzi. Akafungua fundo, akachungulia. Kule mtaani hakukuwa kumebaki kitu cha kuokota, hata kizibo, na mzee alikuwa ameujaza upepo akaufunga vizuri ili usimame.

"Baba," Kamanda akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Humu hamna kitu."

"Hamna," Dobi akasema. "Sikuwa na taka. Nilitaka tu usimame, unisemeshe."

Dereva akapiga honi. Kijana wa masikioni alikuwa ameshatupa mifuko yote ya upande wake, anashangaa kinachokawiza. Kamanda akavua glavu moja, akaibana kwapani, akamshika mzee mkono kwa kiganja chenye jasho.

"Haya, nimesimama," akasema. "Niambie, baba. Unalalaje kule?"

Dobi alifungua mdomo kusema analala vizuri, kama alivyozoea kumjibu kila aliyeuliza.

"Vibaya, mama," akasema. "Nalala vibaya sana. Nyumba ni kubwa."

Dereva akapiga honi tena, ndefu. Kamanda hakugeuka.